Msipigie Kigelegele Choo Cheusi

Sauti ya kwanza nyumbani kwa Kondo ilikuwa sauti ya nazi. Mkewe, Sikuzani, alikaa juu ya mbuzi ya kukunia, akakuna nazi ya kupikia mihogo. Kondo alifagia uwanja polepole, akisimama mara kwa mara kushika kiuno. Mimi nilikuwa mpangaji wao. Nilikunywa uji wangu, nikachukua sururu, nikaenda reli.

Hapo ni Soga, zamani za Mwingereza, baada ya vita ya pili. Genge letu lilikuwa likibadilisha mataruma yaliyooza, ile miti inayobeba reli. Kwetu ni Tabora, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani. Kwa hiyo shangazi yake Kondo, Bi Biubwa, alikuwa na ruhusa ya kunitukana kila asubuhi, nami nilikuwa na ruhusa ya kumjibu.

Zamani Kondo alikuwa mgema. Alipanda minazi, akagema tembo, akauza. Jingine akanywa mwenyewe. Baadaye akaingia kwenye gongo. Kisha yakamjia maumivu ya tumbo, juu, chini ya mbavu. Yalipenya mpaka mgongoni kama msumari. Yakimshika, hukaa ameinama mbele amekumbatia mto, hawezi kulala wala kula. Watu wa dispensari walimwambia aache pombe. Akaacha. Kisu cha kugemea alimpa mkewe akatie mboga.

Ilikuwa mwaka wa tatu sasa hajaonja tone. Lakini nani aliamini? Mtu akishaitwa mlevi, jina linamganda. Kondo akipepesuka kwa udhaifu, watu walisema kalewa. Akikonda, walisema tembo limemla. Kaka yake mkubwa, Mwinyimadi, mwenye duka dogo Kisarawe, alikuwa akisema mbele ya watu, "Mgema haachi. Anajificha tu."

Masika ile Kondo alizidi kudhoofika. Alisikia kizunguzungu. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, alisikia uzito. Bi Biubwa akamleta fundi Kibwana, mganga wa kule Ruvu.

Kibwana alimbonyeza Kondo ubavuni. Akatikisa kichwa.

"Bandama hili," alisema. "Limevimba. Likatwe."

Kukata bandama, kwa mafundi wale, ni kumchanja mtu chale kwa wembe juu ya ubavu wa kushoto, damu itoke, kisha kumpaka dawa. Wanasema bandama la ndani linanywea.

Sikuzani alisogea. "Fundi, mtu mwenyewe hana nguvu. Utamtoa damu tena?"

"Damu chafu, mama. Ile nzuri inabaki."

Nikauliza, "Zinajuana vipi, ile chafu na ile nzuri? Zinapanga mstari?"

"Mtani!" Bi Biubwa alinikata. "Wewe kaa na mataruma yako. Bandama la Mzaramo hulijui."

"Silijui. Lakini wembe naujua."

"Ungeujua, ungenyoa hizo ndevu zako."

Watu wakacheka. Kondo akachanjwa. Halafu Kibwana akamkorogea haluli, ile chumvi ya kuharisha, kikombe kizima. "Hii itatoa uchafu wote wa tembo," alisema. "Mtauona kwa macho yenu."

Kesho yake Kondo alitoka chooni akijishikilia ua wa makuti. Alimwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Choo changu cheusi kama lami."

Bi Biubwa alikwenda kutazama mwenyewe. Alirudi mikono juu, akapiga kigelegele.

"Umetoka! Uchafu wa tembo umetoka! Mweusi ti!"

Majirani wakaja. Wakapokea kigelegele. Kibwana akapewa jogoo, akamtia kwapani. Kabla ya kuondoka akaamuru, "Mpeni kikombe cha pili. Bado upo uchafu chini."

Nimetembea nchi hii kutoka ziwa mpaka pwani. Nimesikia vilio vingi na vifijo vingi. Lakini kigelegele kile kinaniwasha masikio mpaka leo. Walikuwa wanamshangilia mtu anayekufa.

Kondo akanywa kikombe cha pili. Choo kikaja cheusi zaidi, kinanata, kinanuka vibaya. Viganja vyake vikawa vyeupe kama muhogo uliomenywa. Midomo ikapauka. Alitaka kuketi akaanguka. Moyo wake ulikuwa ukienda mbio, ungeona kifua kinatikisika.

Sikuzani aliweka mwiko chini.

"Shangazi," alisema, "uchafu gani huu unaotoka pamoja na uhai wake?"

"Subira, mwanangu. Dawa kali lazima iumize."

"Mie subira yangu imekwisha." Akanigeukia. "Mzee, niitie dresa."

Nilikwenda mbio kwa miguu hii mibovu. Dresa, yule mhudumu wa dispensari, aliitwa Zahoro. Aliweka mkoba nyuma ya baiskeli, akanitangulia. Nilipofika alikwisha funua kope za Kondo. Ndani ya kope mlikuwa hamna wekundu.

"Choo chake kikoje?" aliuliza.

Bi Biubwa alijibu kwa furaha. "Kizuri! Cheusi, kinanata. Kibwana kamsafisha vizuri sana."

Zahoro alisimama. "Bibi, hicho si uchafu. Ni damu."

"Damu ni nyekundu, we mtoto! Usinifundishe rangi."

"Ikitoka mguuni ni nyekundu. Ikimwagika tumboni, ikapita njia yote ya utumbo, inabadilika. Umepata kuona damu ya kuku iliyokauka juu ya jiwe?"

"Tangu hujazaliwa wewe."

"Inakuwa rangi gani?"

"Nyeusi," alisema polepole.

Wakati ule ule Kondo aliinuka kidogo, akashika tumbo. Akatapika ndani ya beseni. Ilitoka damu, nyekundu, na mabonge. Hakuna aliyepiga kigelegele tena.

Zahoro alimlaza Kondo ubavu, asipaliwe na matapishi. "Asipewe haluli tena," alisema. "Asipewe chakula, asipewe dawa ya mizizi, asipewe hata vidonge vya maumivu vya dukani. Vipo vinavyozidisha kuvuja. Atakwenda Dar es Salaam sasa hivi."

"Si apumzike mpaka kesho?" jirani mmoja aliuliza.

"Mtungi unaovuja haupumziki," Zahoro alisema. "Shikeni kitanda."

Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka stesheni. Gari la moshi la mizigo lilikuwa limesimama, linapakia. Gadi wa gari akainua mkono. "Hili la mizigo. Mgonjwa angoje la abiria, kesho."

Hapo damu yangu nami ilichemka. "Bwana gadi," nilisema, "marobota ya mkonge mmeyafunika turubai yasilowe mvua. Mkonge unaogopewa mvua, na mtu anayetapika damu anaambiwa angoje kesho? Haya, mwandike robota! Mwandike mkonge!"

Sikuzani aliinua lile beseni la damu, akamwonyesha.

Gadi alitazama. Akageuza uso. Kisha akafungua behewa lake mwenyewe. "Pandisheni," alisema. "Upesi."

Kwenye hospitali kubwa walimtia Kondo maji ya chumvi kwa mshipa, na chupa ya damu waliyokuwa nayo. Damu ikatulia. Madaktari wakampiga picha ya ndani ya mwili. Siku chache baadaye Zahoro, ambaye alikuwa ameleta wagonjwa wengine, alikaa nasi ukumbini kutufafanulia maneno ya daktari wa upasuaji.

"Nyuma ya tumbo la chakula," alisema, "iko nyama laini, ndefu. Inaitwa kongosho. Kazi yake ni kutoa maji ya kusagia chakula, na kuangalia sukari ya mwili. Pombe kali ya miaka mingi inaweza kuiunguza. Inavimba, inapona, inavimba tena. Mwisho inakuwa ngumu kama ngozi ya ngoma. Kongosho la Kondo lina hata vijiwe. Wameviona kwenye picha."

"Ndiyo maumivu yake yale?" Sikuzani aliuliza.

"Ndiyo."

"Na damu je? Pombe ameacha."

"Kuacha kumemsaidia sana. Lakini kovu la zamani lilibaki. Sikiliza. Mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye bandama hupita nyuma ya kongosho. Kongosho liliufinya, damu ikaganda, mshipa ukaziba. Wewe unalima mpunga Ruvu, sivyo? Magogo yakiziba daraja, maji ya mto hufanya nini?"

"Hurudi nyuma. Hupanda mashambani, yanatafuta vijia."

"Na vijia vile vikizidiwa?"

"Tuta linapasuka."

"Basi. Damu ya bandama ilikosa njia. Ikapita kwenye vimishipa vidogo vya juu ya tumbo la chakula. Vikavimba. Kimoja kikapasuka. Ndiyo ile uliyoiona kwenye beseni. Na ndiyo ile ile mliyoiita uchafu."

Sikuzani alitazama viganja vyake. "Kitapasuka tena?"

"Kinaweza, wakati wowote. Na safari ile huenda gari la moshi halitakuwepo stesheni. Dawa yake ni kupasuliwa. Wataondoa bandama. Bandama likiondoka, damu iliyokuwa inafurika kule haipo tena. Vimishipa vitanywea. Lakini daktari hawezi kumpasua mtu aliyekaukiwa hivi. Inatakiwa damu ya watu."

Sikuzani alinyoosha mkono wake kwanza. Wakapima, damu yake haikupatana na ya mumewe. Nikanyoosha mimi. Wakasema nimezeeka na malaria imenichosha. Nilitaka kugombana nao, lakini walisema kweli.

Akaletwa Mwinyimadi kutoka Kisarawe. Alikuja na kanzu safi na mwavuli. Walimtoboa kidole wakapima. Damu yake ilipatana na ya mdogo wake sawasawa. Alipoambiwa, akarudi nyuma hatua.

"Mimi nasali," alisema. "Damu yangu niitie ndani ya mlevi?"

"Shemeji," Sikuzani alisema, "mwaka wa tatu huu mdogo wako haonji."

"Anakudanganya. Mgema haachi. Kajitakia mwenyewe, acha alipe."

Ndani, nyuma ya pazia, Kondo alikuwa macho. Alisikia kila neno. Kwenye upenyo wa pazia nilimwona akigeuza uso ukutani. Mimi nilikwisha fungua mdomo nimtapikie Mwinyimadi yote niliyokuwa nayo, lakini Sikuzani aliniwekea mkono begani. Akazungumza taratibu, kwa adabu, kama mtu anayeuliza bei sokoni.

"Shemeji, wewe umekulia minazini. Mimi sikufundishi. Mnazi unaogemwa unazaa nazi?"

"Swali gani hilo? Hauzai. Karara limekwisha katwa, nazi itoke wapi?"

"Vizuri. Idi iliyopita nilikuletea gunia la nazi. Ulizipokea?"

"Nilizipokea."

"Mlipika wali?"

"Tulipika."

"Ulikuwa mtamu?"

"Mwanamke, unataka nini?"

"Nazi zile zilitoka minazi ya nani?"

Mwinyimadi aliweka kofia yake sawa.

"Ya Kondo," Sikuzani alisema. "Ile ile aliyokuwa akigema. Yote inazaa. Imezaa mwaka jana na mwaka juzi. Ulipita chini yake ukaja kwetu, ukaketi, ukamwita mlevi mbele ya watu, ukaondoka na nazi zake. Mlevi umemwona, shemeji. Nazi hukuziona?"

Mwinyimadi alitazama mwavuli wake. Zahoro akaongeza, sauti yake imekauka.

"Na jambo jingine, bwana. Hata kama angekuwa amekunywa mpaka jana, mtu anayevuja huongezwa damu kwanza. Nasaha huja baadaye. Tena ugonjwa wa kongosho huwapata hata watu wasioijua harufu ya pombe. Kesho itakuwa wewe. Tukuulize kwanza unasali?"

Nilimpenda kijana yule kwa neno hilo. Nchi hii imejaa mahakimu. Mtu anaumwa, na kila anayepita anataka kumhukumu kabla ya kumpa maji. Nani aliwapa kazi hiyo?

Mwinyimadi alikohoa. "Watanitoa nyingi?"

"Chupa moja. Utapumzika, utakunywa chai, utarudi dukani. Mwili wako utatengeneza nyingine."

"Nguvu za kiume hazitapungua?"

"Hazitapungua."

"Una hakika?"

"Bwana Mwinyimadi!"

Basi akavua kofia, akampa Sikuzani amshikie. Akapandisha mkono wa kanzu. Alipotoka alikuwa ameshika chai kwa mikono miwili. Alipita nyuma ya pazia, akasimama miguuni mwa Kondo.

"Nazi zile zilikuwa tamu," alisema.

Kondo alitabasamu kwa midomo yake mikavu. "Zipo nyingine, kaka."

Walimpasua. Ilichukua muda mrefu. Bandama lilitoka limevimba kama papai kubwa. Daktari alisema mishipa ya tumbo ilikuwa imejaa, mingine minene kama kidole.

Kondo alipoweza kuzungumza, aliuliza, "Sasa lile alilokata Kibwana lilikuwa lipi?"

"Kibwana alikukata ngozi," Zahoro alimwambia.

Nitasema haki. Mkono wa Kibwana ulifika mahali penyewe. Bandama kweli lilikuwa limevimba. Lakini wembe juu ya ngozi haufungui mshipa ulioziba ndani, na haluli haizibi tundu. Haluli ilimkausha maji mtu ambaye damu ilikuwa inamwishia. Na wembe ulimpunguzia damu ile ile tuliyokuja kuiombea kwa kaka yake. Halafu jogoo juu yake!

Siku ya kuondoka hospitali, Zahoro alimkalisha Kondo na mkewe. Hakuficha kitu.

"Kuvuja kule kumezuiwa. Lakini kongosho lako halijawa jipya. Maumivu huenda yakarudi. Yakirudi njoo, usiyafiche. Pombe usiionje, hata ya kuchovya kidole. Tumbaku acha. Kula kidogo kidogo mara nyingi, usijaze mafuta. Ukiona unakojoa sana, una kiu sana, na unakonda, njoo upimwe sukari. Na bandama lilikuwa mlinzi wako dhidi ya homa. Sasa huna. Lala ndani ya chandarua, meza vidonge vya kuzuia malaria. Ukipata homa, hata ndogo, njoo siku hiyo hiyo. Usiseme nitaona kesho."

"Na choo kikiwa cheusi?" Sikuzani aliuliza.

"Unajua mwenyewe."

"Najua," alisema.

Kondo alirudi Soga wakati korosho zinaanza kuanguka. Alikuwa mwembamba, lakini viganja vyake vilikuwa na rangi ya binadamu. Bi Biubwa alimkagua mbele na nyuma. Aliona vijikovu vya chale, na kando yake kovu refu la hospitali. Akajifunga kanga yake vizuri, akaenda moja kwa moja kwa Kibwana, mimi nikimfuata ili nisikose maneno.

"Nirudishie jogoo wangu," alimwambia.

"Nimekwisha mla, bibi."

"Basi kama humrudishi, nisikilize. Mtu akikuambia choo chake cheusi, usimpe haluli. Mlete kwa dresa. Ukimpa haluli, nitakuja na mwiko."

Kibwana alicheka. Kisha akaona kwamba bibi hacheki. "Nimesikia," alisema. Na kwa kweli, baada ya hapo alileta wagonjwa wawili kwa dresa.

Mimi sikukaa sana Soga. Miguu yangu haipendi mahali pamoja. Lakini kabla sijaondoka, jamaa zake Bi Biubwa wa Kongowe walituita, kwamba mzee wao amekunywa dawa na imefanya kazi vizuri. Tulikuta wanawake wamejaa uwanjani. Mzee alikuwa amelala mkekani, jasho linamtoka, midomo imepauka.

"Uchafu umetoka!" binti mmoja alituambia. "Mweusi kabisa!" Akaweka mkono mdomoni, akavuta pumzi, tayari kwa kigelegele.

Bi Biubwa aliushika mkono ule, akaushusha.

"Hiyo ni damu, mwanangu," alisema. "Acha kigelegele. Shika mguu wa kitanda. Na wewe, mtani, usisimame kama taruma. Shika ule mwingine."

Nikashika.